Shule Ipo au Haipo? Mwalimu Mstaafu Ajibu Barua za Msimu wa Mvua

Mwezi huu barua za karo, ambazo ndizo hujaza safu hii, zimepumzika. Karibu kila aliyeandika anauliza kuhusu mvua, mto au baridi, na watoto waliokaa nyumbani. Nimechagua barua nne. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, upande wa Garsen. Nyumba yetu iko ng'ambo ya mto na shule iko upande wa pili. Maji yakipanda hatujui kama shule ipo au haipo. Mara mbili watoto wangu wamevuka kwa mtumbwi, shilingi ishirini kila kichwa, wakakuta lango limefungwa. Mara ya tatu nikawazuia nyumbani, kumbe siku hiyo shule ilikuwa wazi na mtihani wa kati ya muhula ukafanywa. Wangu wamewekewa sufuri. Mkuu wa shule anasema tangazo lilikuwa kwenye grupu la WhatsApp. Simu yangu ni mulika mwizi. Nimlaumu nani?*

Marahaba, mama. Nianze na hizo sufuri, kwa sababu hizo zinaweza kufutwa wiki hii hii. Chukua wazazi wenzako wawili watatu wa ng'ambo, mwende kwa mkuu wa shule kwa upole, mwombe watoto waandaliwe karatasi nyingine. Huu ni mtihani wa ndani wa shule, mwalimu wa somo anaweza kuutunga jioni moja. Mkuu akisita, mwombeni afungue daftari la mahudhurio la siku hiyo ahesabu watoto wa ng'ambo waliokuwepo. Ukurasa ule utamjibu kuliko ninyi. Mwisho wa 2023, barabara zilipokatika, karatasi za mitihani ya taifa zilipelekwa kwa helikopta sehemu nyingine. Mtihani wa kati ya muhula hauletewi helikopta, basi angalau uletewe huruma.

Sasa lawama. Miongozo mingi inayotufikia kutoka Nairobi imeandikwa na watu wanaodhani shule hufungwa kwa sababu mvua inanyesha. Wewe na mimi tunajua kwamba Tana Delta jua linaweza kuwaka la kupasua mawe na mto ukawa unapanda. Maji yale ni ya Mlima Kenya na Nyandarua. Yakijaza bwawa la Masinga yanamwagikia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu yanateremka Garissa, yanapita Hola, ndipo yanabisha hodi kwetu, siku kadhaa baadaye. Katika msiba huu sisi tuna bahati moja: tunapewa siku. Redio ikisema Masinga imejaa na inamwaga, mkuu wa shule wa Garsen ana muda wa kujipanga ambao watu wa Mai Mahiu, waliosombwa na mafuriko wakiwa usingizini, hawakuupata usiku ule wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Kwa hivyo mkuu wa shule ya kando ya Tana anayeamua mambo asubuhi, huku watoto wameshashika njia, amelala siku nne nzima.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimewahi kuwa yeye. Wakati wa El Nino ya 1997 nilikuwa mwalimu wa zamu na mkuu hakuwepo. Saa nne asubuhi nikaona wingu jeusi limetanda upande wa bahari. Nikaingiwa na hofu, nikapiga kengele, nikawaambia watoto wakimbie nyumbani kabla mvua haijashika. Walipokuja asubuhi walikuwa wamevuka kijito kilicho karibu na shule, maji magotini. Waliporudi, maji yalimfika kifuani mtoto wa darasa la sita. Wa darasa la kwanza sitaki hata kuwapima. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitega migono ndiye aliyewakuta. Akawapigia kelele wasishuke, akawapanga juu ya tuta, akawavusha wanne wanne mpaka adhuhuri. Lile wingu, nikuambie, halikudondosha hata tone. Yule mvuvi bado yu hai, na nikikutana naye sokoni huwa natazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo nilishika sheria moja mpaka nilipostaafu, baada ya miaka 33 ya chaki: shule hufungwa kabla mtoto hajatoka kwao. Akishafika, hafukuzwi. Anakaa mpaka maji yashuke au mzazi aje, hata ikiwa ni magharibi. Shule ina paa, ina mwalimu, ina sufuria la uji. Njiani hakuna hata kimoja.

Wakubwa nao huteleza papo hapo. Mwaka huo wa 2024 muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe Jumatatu tarehe 29 Aprili. Tangazo la wizara la kuahirisha kwa wiki moja lilitoka alfajiri ya siku yenyewe, wanafunzi wengine wa bweni wakiwa tayari safarini na masanduku yao. Ijumaa tarehe 3 Mei Rais Ruto akaahirisha tena, safari hii bila kutaja tarehe, na hatimaye shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kufunga kwenyewe sikukupinga. Shule nyingine zilikuwa na maji madarasani, nyingine zilikuwa zimegeuka makao ya waliohamishwa, na vyoo vilikuwa vimetitia, na shule isiyo na choo ni kipindupindu kinachosubiri kengele. Ninachopinga ni saa ya lile tangazo.

Na grupu la WhatsApp? Hilo ni la wenye simu za kugusa, wenye chaji, wenye bando, tena siku ambayo mlingoti wa mtandao haujazimika. Kwa kijiji cha kando ya mto hiyo ni nusu ya wazazi, nawe ni wa nusu ile nyingine. Nilipopewa ukuu wa shule tulikaa chini ya mwembe na naibu wa chifu, imamu, mzee wa kanisa na wenye mitumbwi. Tukachimbia boriti ya mkoko pale kivukoni, tukaipaka rangi, chini nyeupe, katikati manjano, juu nyekundu. Maji yakigusa manjano jioni, mwenye mtumbwi anampigia simu mwalimu wa zamu. Mimi na mwalimu wa zamu tunaamua kabla ya saa tatu usiku, wala hatubadilishi tena. Baada ya swala ya alfajiri imamu anatangaza kwenye kipaza sauti maneno mawili tu, "shule ipo" au "shule haipo". Kanisani kengele inapigwa mara saba mfululizo kama haipo. Na siku ambayo haipo, mwenye mtumbwi havushi mtoto aliyevaa sare, hata akipewa noti.

Hapo kwenye noti ndipo tuliposhikana. Mzee mmoja wa mitumbwi alituuliza, "Kwa hiyo mvua ni yenu na njaa ni yangu?" Alikuwa na haki. Siku za maji ndizo siku zake za kula. Wazazi wakakubaliana kumtolea debe la mahindi mwisho wa msimu, na tangu hapo akawa mkali kuliko mimi. Aliwahi kumrudisha mwanangu mwenyewe.

Kwa hivyo ukiniuliza nani wa kulaumiwa, nitamlaumu mkuu kidogo na bodi ya shule zaidi, kwa kuwa hili halikupaswa kuachiwa kidole cha mtu mmoja kwenye simu. Ombeni kikao. Mkubaliane nani anaamua, mwisho saa ngapi, na sauti gani itamfikia asiye na WhatsApp. Liandikwe kwenye kumbukumbu za bodi na nakala ipelekwe ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ili siku zilizopotea zijulikane na zisihesabiwe kama utoro wa watoto wako. Na nguzo msisahau kuipaka rangi upya kila mwaka. Ya kwetu ilifutika, na kwa wiki mbili watu walibishana kama ile ni manjano au nyeupe chafu.

*Mwalimu, mimi ni baba, naishi Kisauni, Mombasa. Shule ya watoto wangu ni ya binafsi. Barabara ikifurika hawaleti basi, wanatuma kiungo cha Zoom saa mbili asubuhi. Nina watoto watatu katika madarasa matatu na simu moja, nayo naondoka nayo kazini. Jioni mwalimu anauliza kwa nini hawakuingia. Karo nimelipa yote. Hii ni shule kweli?*

Hapana, baba, ila mwenye shule atasema ndiyo, kwa sababu siku iliyoandikwa "masomo yalifanyika" haidaiwi fidia. Na karo haitapungua, usijisumbue upande huo.

Tulishajaribu haya nchi nzima. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona, masomo yakahamia redioni na kwenye runinga, Taasisi ya Kukuza Mitaala na shirika la utangazaji la KBC wakijitahidi, nami sitawadharau. Nilikuwa mkuu wa shule wakati huo, nikapanda baiskeli kuona nani anasoma. Nyumba saba nilizoingia asubuhi moja, redio ilikuwa inalia katika mbili, na mojawapo ilikuwa taarabu. Watoto walikuwa shambani wakiwinga ndege. Julai ya mwaka huo tukasikia kwamba huko magharibi na katikati ya nchi maputo ya intaneti yameachiwa angani, yanapeperuka juu ya mawingu yakigawa mtandao. Januari 2021 kampuni ikatangaza kuufunga mradi. Vishikwambi vya serikali vilivyoanza kugawiwa mwaka 2016 navyo, kule nilikokuwa, vilikuwa salama kabisa: ndani ya kabati la chuma, nyuma ya mlango wa chuma, na funguo mbili kwa watu wawili tofauti. Siku mtoto alipovihitaji nyumbani hapakuwa na mtu wa kumkabidhi.

Kilichotufaa ni karatasi. Mwanzoni mwa muhula, kabla ya wingu la kwanza, kila mwalimu alitayarisha kazi ya siku tatu kwa somo lake. Hakuweka mada mpya. Ilikuwa marudio, hesabu kumi na mbili, ufahamu mmoja, mchoro mmoja wa kupima kitu cha nyumbani. Tukaziita bahasha za mvua. Mtoto anakwenda nazo kwao na haifunguliwi mpaka shule itangazwe haipo. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo tuliwaambia wazazi wazikunje ndani ya kopo tupu la mafuta ya kupikia na kulifunga kifuniko. Mtoto akirudi analeta bahasha, mwalimu anasahihisha, basi. Watoto wako watatu watakaa meza moja bila kugombania simu, na mkubwa atamsomea mdogo.

Mwambie mwalimu mkuu, kwa barua yenye tarehe na saini za wazazi wenzako, mnataka mambo mawili. Bahasha badala ya kiungo, au angalau pamoja na kiungo, na kipindi kikirekodiwa kitumwe kama sauti fupi, isiyokula bando, ya kusikilizwa jioni ukirudi. La pili, mada mpya ifundishwe darasani tu, siku barabara ikikauka, ndani ya muhula. Wakikwambia watafidia kwa masomo ya likizo yenye malipo, wakumbushe kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeyakataza masomo ya ziada ya likizo. Halafu tazama jinsi bahasha zitakavyopatikana haraka.

*Mwalimu, salaam kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Huku shule hufungwa hata kwa baridi tupu bila theluji, na watoto huambiwa wasome kwa kompyuta nyumbani. Mimi nafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, narudi saa moja na nusu asubuhi, nalala. Mwezi uliopita niliamka saa nane mchana nikakuta ujumbe kwamba mwanangu wa miaka minane hakuingia darasani, kompyuta ilikuwa imekataa nywila. Nimeandikiwa barua ya utoro. Nifanye nini, nami Kiingereza cha barua za ofisi kinanishinda?*

Binti yangu, wa Lamu kufa baridi, nani angetabiri! Lakini usiidharau baridi hiyo. Tarehe 6 Januari 2014 gavana wa jimbo lako wakati huo, Mark Dayton, alifunga shule zote za umma za jimbo kwa ajili ya baridi peke yake, maana upepo wa namna ile huunguza ngozi ya mtoto kabla basi halijafika kituoni. Kule anayefunga shule hutazama kipimajoto na upepo, kama mimi nilivyotazama boriti.

Kwa jambo lako, sheria ya Minnesota iko upande wako kuliko unavyofikiri. Inaruhusu shule kuwa na siku za masomo ya mtandaoni zisizozidi tano kwa mwaka wa shule. Mpango wa siku hizo lazima mzazi aelezwe mwanzoni mwa mwaka. Siku yenyewe ikifika, taarifa itoke angalau saa mbili kabla ya muda wa kawaida wa kuanza masomo. Mwalimu wa mtoto lazima apatikane mtandaoni *na kwa simu* saa zote za shule. Na asiye na intaneti au kifaa cha kutosha, mpango lazima useme atasaidiwaje. Soma tena hilo la simu. Nywila ilipokataa, mwanao wa miaka minane alikuwa na haki ya kupiga nambari fulani akajibiwa na mwalimu wake. Alipewa nambari hiyo? Imebandikwa kwenye friji?

Piga simu ofisi ya shule, sema tu "Swahili interpreter", ungoje. Shule za umma za Marekani zinatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani hulipwa na wao, si wewe. Kisha mwambie mkalimani maneno haya haya: nywila ilikataa, mtoto alikuwepo, mama alitoka kazi ya usiku, naomba siku hiyo ifutwe kwenye utoro na naomba nakala ya mpango. Na usimwonee haya mtu. Tarehe 13 Februari 2024 jiji la New York liliwaweka watoto wake nyumbani kwa theluji, wakasome mtandaoni, na asubuhi hiyo hiyo mfumo wa kuingilia ukazidiwa, walimu na wanafunzi wakabaki nje ya mlango. Jiji zima limeshindwa kufungua, seuze mtoto wa miaka minane.

Jambo moja la nyumbani. Usimwachie mtoto peke yake kazi ya kukuamsha. Mtafute jirani, wa Lamu au wa popote, mwenye zamu ya mchana kinyume na yako, mpeane watoto siku za baridi.

*Mwalimu, niko Gredi ya Saba. Shule yetu ilifungwa siku mbili kwa sababu ya maji, nami nikafurahi sana. Mamangu amesema ni dhambi kufurahia mafuriko. Ni kweli?*

Mjukuu wangu, mamako anafikiria mahindi yaliyozama na wewe unafikiria hesabu iliyoahirishwa. Wote wawili mko sawa, lakini furaha yako ifanye kimyakimya mbele yake. Mimi nilipokuwa kama wewe nilifurahi mpaka nikaimba. Tulikwenda kushika kambare katika konde lililofurika, nikarudi na watatu, na baba akanipongeza, akawakabidhi kwa mama, kisha akanikabidhi jembe tukachimbe mfereji wa kutoa maji hadi giza lilipoingia. Shule ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza langoni.

Kambare waache safari hii, au nenda na mkubwa. Maji yale yamepita kwenye vyoo vya vijiji vyote vya juu, na mamba wa Tana hutoka mtoni mafuriko yakitanda, huwezi kujua amelala wapi. Na ile bahasha yako ya mvua, umeifungua?